BERTRAND RUSSELL: BWANA ALIYEPIMA NENO DOGO

Mhariri wa gazeti letu aliniomba muhula uliopita niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi. Wenzangu wamekwisha kuandika habari za majemadari, za wavumbuzi na za wasafiri. Mimi nimemchagua mtu ambaye kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa ni kukaa kitini na kulifikiri neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu. Neno lenyewe ni "the", ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila siku katika insha zao, nami nikalirudisha kwa wino mwekundu. Mtu huyo ni Bertrand Russell, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1872 akafa mwaka 1970.

Lakini kabla sijaanza habari zake, yanibidi kwanza nisimulie habari ya kioo.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina, asubuhi moja kioo cha dirisha la maabara kilikutwa kimevunjika. Saa nne tangazo likabandikwa ubaoni kwamba mwanafunzi aliyevunja kioo cha maabara ajitokeze kabla ya saa kumi. Hakujitokeza mtu. Siku ya pili likaja tangazo jingine: kwa kuwa mwanafunzi aliyevunja kioo amekaidi amri, darasa letu zima litafyeka majani mpaka apatikane. Tukafyeka siku tatu. Siku ya nne wenzangu walikuwa wamechoka, wakaanza kutafuta mtu wa kumtoa. Basi ikakumbukwa kwamba jioni ile mimi nilionekana nikipita karibu na maabara na ndoo ya maji. Hilo lilitosha. Nikapewa adhabu ya majuma mawili, na barua ikaenda kwa baba yangu. Baba akauza mbuzi mmoja, akalipa kioo. Aliniuliza mara moja tu kama ni mimi, nikamjibu kuwa siye. Hakuniuliza tena, wala sikujua kama aliniamini.

Mwisho wa muhula alikuja fundi kuweka kioo kipya. Yeye ndiye aliyemwonyesha mwalimu wa zamu, sisi tukitazama, jinsi tawi la mwembe lilivyokuwa limekwaruza fremu ya dirisha mahali pale pale. Ndipo tukakumbuka kwamba usiku ule palikuwa na mvua ya upepo. Kioo kilivunjwa na tawi. Mwanafunzi aliyevunja kioo hakuwako, wala hakupata kuwako. Lakini fedha za mbuzi hazikurudi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma habari za Bwana Russell, nikaona kwamba mtu huyu alikuwa ameeleza kosa la tangazo lile miaka mingi kabla halijaandikwa. Kwa hiyo nampenda, na kwa hiyo nawaletea habari zake.

Russell alizaliwa tarehe 18 Mei 1872 huko Trellech, katika nchi ya Wales. Ukoo wake ulikuwa mkubwa. Babu yake, Lord John Russell, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Lakini ukubwa wa ukoo hauzuii mauti kuingia mlangoni. Mwaka 1874 mama yake na dada yake walikufa kwa ugonjwa wa dondakoo, na mwanzoni mwa mwaka 1876 baba yake akafa pia. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne. Yeye na kaka yake Frank wakachukuliwa na babu na bibi, wakakaa katika nyumba ya Pembroke Lodge, karibu na London. Babu naye akafa mwaka 1878, akabaki bibi, mama mkali wa dini na wa mwenendo mwema. Russell alifundishwa nyumbani na walimu walioajiriwa, akakua katika upweke mwingi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake alianza kumfundisha elimu ya maumbo ya Euclid. Mtoto alifurahi mno, maana hajapata kuona kitu kizuri kama hicho, ambamo kila neno lina ushahidi wake. Lakini furaha ikaingia dosari. Kaka yake alimwambia kwamba mambo ya kwanza kabisa, yaliyo msingi wa mengine yote, hayana ushahidi. Ni lazima yakubaliwe tu, la sivyo somo haliwezi kuendelea. Russell alikubali shingo upande, akaendelea na somo. Shaka ile hakuisahau, nayo ndiyo iliyomwongoza katika kazi yake yote.

Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Akafanya mtihani wa hesabu mwaka 1893, na wa falsafa mwaka 1894. Mwaka huo wa 1894 alimwoa Alys Pearsall Smith, binti wa Kimarekani. Ndoa hiyo haikudumu kwa amani, na katika maisha yake marefu Russell alioa mara nne. Simtoi awe kielelezo katika jambo hilo.

Mwaka 1900 alikwenda Paris kwenye mkutano wa wanafalsafa, akakutana na Mwitalia mmoja, Giuseppe Peano, aliyekuwa akiandika hesabu kwa alama fupi zisizo na utata. Russell alijifunza alama hizo, akaazimia kuonyesha kwamba hesabu yote imejengwa juu ya mantiki peke yake, yaani juu ya kanuni za kufikiri sawasawa. Alidhani amekaribia kufika. Lakini mwaka 1901 alikutana na shimo njiani. Nitalieleza kwa mfano. Tuseme mtunza maktaba anaandika daftari linaloorodhesha madaftari yote yasiyojitaja yenyewe. Je, daftari hilo lijitaje? Likijitaja, halistahili kuwamo. Lisipojitaja, lastahili kuwamo. Hapo hakuna pa kutokea. Mwaka 1902 Russell alimwandikia habari hiyo Gottlob Frege, mtaalamu wa Kijerumani wa mji wa Jena, ambaye juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa ilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Frege aliona mara moja kwamba msingi wa kazi ya maisha yake umepasuka, akakiri waziwazi. Wanafunzi, ukweli wa namna hiyo ni adimu.

Russell mwenyewe alikwama. Katika miezi ya kiangazi ya mwaka 1903 na 1904 alikuwa akikaa kila asubuhi mbele ya karatasi nyeupe, na mara nyingi jioni ilimkuta karatasi bado nyeupe. Hata mwaka 1905 njia ikaanza kufunguka, na mlango wake ulikuwa lile neno dogo.

Sasa tega sikio, msomaji. Katika Kiingereza, mtu akitanguliza "the" mbele ya jina la umoja, anataja kitu kimoja tu kama kwamba kinajulikana: mfalme wa Uingereza, mlima mrefu kuliko yote wa Afrika, mwandishi wa kitabu fulani. Maneno hayo yanafanana na jina la mtu. Watu wengi walidhani kwamba kazi yake ni ile ile ya jina, yaani kukinyoshea kidole kitu. Lakini yakitazamwa hivyo huleta mafumbo, na Russell aliyachagua matatu yawe mtihani wa kila mwenye kujidai kuwa ameelewa.

Fumbo la kwanza ni la kufanana. Mfalme George wa Nne wa Uingereza alitaka kujua kama Scott ndiye mwandishi wa Waverley, kitabu kilichotolewa bila jina la mtungaji. Kweli Scott ndiye aliyekitunga. Basi kama maneno "mwandishi wa Waverley" ni jina tu la Scott, Mfalme alikuwa akiuliza kama Scott ni Scott, na hakuna mwenye akili aulizaye hivyo. Frege alikuwa ameliona jambo hili kabla yake kwa mfano wa nyota: nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni Zuhura ile ile, lakini watu walihitaji kutazama mbingu muda mrefu ndipo wajue.

Fumbo la pili ni la mfalme wa Ufaransa. Ufaransa haikuwa na mfalme mwaka 1905, wala leo haina. Mtu akisema kwamba mfalme wa Ufaransa wa sasa ana upara, je, asema kweli au uongo? Ukiwahesabu watu wote wenye upara, hayumo. Ukiwahesabu wote wasio na upara, hayumo pia. Na mantiki inatufundisha kwamba neno ama ni kweli, ama si kweli.

Fumbo la tatu ni la kukana. Tukisema kwamba mfalme wa Ufaransa hayuko, tunamsema nani? Mtaalamu mmoja wa mji wa Graz, Alexius Meinong, alifundisha kwamba kwa namna fulani hata vitu visivyokuwako vyaweza kusemwa na kuwa na sifa zake. Russell aliona kwamba huko ni kujaza ulimwengu vivuli.

Dawa yake ilikuwa kuivunja sentensi. Alionyesha kwamba mtu akisema mfalme wa Ufaransa ana upara, hamnyoshei mtu kidole hata kidogo, bali anasema mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, yuko angalau mmoja aliye mfalme wa Ufaransa. La pili, hayuko zaidi ya mmoja. La tatu, yeyote aliye mfalme huyo ana upara. Likikosekana mojawapo, usemi wote ni uongo. Basi usemi huo ni uongo, kwa kuwa la kwanza si kweli, na mantiki haikuvunjika.

Je, tukisema kwamba mfalme wa Ufaransa hana upara? Hapa ndipo penye uzuri. Maneno haya yana maana mbili. Yaweza kuwa na maana kwamba yuko mfalme mmoja, naye hana upara, na huo ni uongo. Au yaweza kuwa na maana kwamba si kweli kuwa yuko mfalme mmoja mwenye upara, na hiyo ni kweli. Kukana kunaweza kusimama ndani ya sentensi au nje yake, na maana hubadilika kabisa.

Rudini sasa kwenye ubao wa shule yangu. Tangazo lilisema kwamba mwanafunzi aliyevunja kioo amekaidi kujitokeza. Walimu walikuwa na ushahidi wa jambo moja tu, kwamba hakujitokeza mtu. Wakalichukua kwa maana ya ndani: yuko mmoja, naye hakujitokeza, kwa hiyo ni mkaidi. Ukweli ulikuwa maana ya nje: si kweli kwamba yuko mmoja aliyejitokeza, kwa sababu hayuko kabisa. Tofauti ya maana hizo mbili ilikuwa siku tatu za kufyeka na mbuzi wa baba yangu.

Russell aliandika maelezo yake katika makala yaliyotoka mwezi wa Oktoba 1905 katika jarida la Mind. Alisimulia baadaye kwamba mhariri wa jarida aliyaona ya ajabu sana, akamsihi afikiri upya asitake yachapwe jinsi yalivyo. Russell alishikilia, yakachapwa. Njia hiyo ya kuvunja sentensi ikaingia katika kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na mwalimu wake Alfred North Whitehead, Principia Mathematica, kilichotoka kwa juzuu tatu miaka ya 1910, 1912 na 1913.

Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Russell aliipinga. Mwaka 1916 alitozwa faini ya paundi 100 kwa karatasi aliyoiandika kumtetea mtu aliyekataa kwenda vitani, na Chuo cha Trinity kikamwondoa kazini. Mwaka 1918 akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa makala nyingine. Aliingia gereza la Brixton, London, mwezi wa Mei. Alisimulia kwamba askari wa mlangoni alimwuliza dini yake, naye akajibu kwamba yeye ni mtu asiyejua kama Mungu yuko au hayuko. Kwa Kiingereza neno hilo ni gumu, na askari aliomba atajiwe herufi zake. Kisha akashusha pumzi, akasema kwamba dini ni nyingi, lakini anadhani wote wanamwabudu Mungu mmoja. Russell alisema kwamba jambo hilo lilimchangamsha kwa muda wa juma zima.

Gerezani aliruhusiwa vitabu na karatasi, akaandika kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida misingi ya hesabu, kilichotoka mwaka 1919. Ndani yake mna sura mbili zinazofuatana: moja ya "the" ya umoja, na moja ya "the" ya wingi. Hebu fikirini. Vita ilikuwa ikiendelea, na yeye, mfungwa, alikuwa chumbani mwake akilipima neno la herufi tatu. Wengine watasema ni upuuzi. Mimi nasema ni mtu aliyejua kwamba maneno yasiyopimwa huwafunga watu, na pengine huwaua.

Asidhani mtu kwamba Russell hakupata wa kumpinga. Mwaka 1950 P. F. Strawson wa Oxford aliandika katika jarida lile lile la Mind kwamba asemaye habari za mfalme wa Ufaransa hasemi uongo. Yeye amechukulia tu kwamba mfalme yuko, na kwa kuwa hayuko, swali la kweli au uongo halizuki hata kidogo. Tena, asema Strawson, tukiambiwa kwamba meza imejaa vitabu, twaelewa ni meza ipi ingawa meza duniani ni nyingi, kwa sababu ya mahali tulipo. Frege naye zamani alikuwa na mawazo yaliyo karibu na hayo. Russell alimjibu mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 85, kwa ukali wa kijana. Shauri hilo halijamalizika mpaka leo. Kwangu mimi wote wawili wananitetea: kwa Russell tangazo lile lilikuwa uongo, kwa Strawson lilikuwa halina wa kulijibu. Vyovyote vile, halikupasa kunifyekesha majani.

Labda mtauliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao Kiswahili chetu hakina "the"? Yatuhusu sana. Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwa njia zake. Tazameni hadithi zetu. Msimulizi huanza kwa kusema palikuwa na mzee mmoja, kisha huendelea kwa kusema yule mzee alikuwa na binti. Hakuna anayeanza na yule mzee kabla hajatuletea mzee mmoja. Akifanya hivyo tutamwuliza, mzee yupi? Tena sikilizeni tofauti ya nimeona kitabu na nimekiona kitabu. Katika usemi wa pili, kile kiambishi kidogo cha "ki" kwa kawaida huonyesha kwamba wewe na mimi twajua ni kitabu kipi. Na tukisema mwanafunzi aliyevunja kioo, hatukutumia neno lolote la kutaja mmoja, lakini kila msikiaji anamwona mmoja akilini mwake. Hatari ile ile imo, tena imejificha zaidi.

Wataalamu wa lugha waliokuja baadaye waliitazama njia hiyo ya wasimulizi. Hans Kamp mwaka 1981 na Irene Heim mwaka 1982, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi maana inavyojengwa sentensi baada ya sentensi. Heim aliifananisha na mtu mwenye kadi. Ukisikia mzee mmoja, unafungua kadi mpya. Ukisikia yule mzee, unarudi kwenye kadi iliyokwisha funguliwa na kuandika zaidi. Basi kosa la shule yangu lilikuwa kuandika juu ya kadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua kwa haki.

Russell aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1950 alipewa Nishani ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1955 yeye na Albert Einstein, pamoja na wataalamu wengine, walitoa tamko la kuonya dunia juu ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 1961, akiwa na miaka 89, alifungwa tena kwa siku saba kwa ajili ya kuyapinga mabomu hayo. Alifariki tarehe 2 Februari 1970, nyumbani kwake huko Wales, akiwa na umri wa miaka 97.

Nilipokwisha kumsoma, nilikwenda nyumbani likizo, nikamweleza baba yangu habari za mfalme wa Ufaransa na za kioo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba wazee barazani, mtu akija kushitaki kuwa ng'ombe wake ameibwa, hawaanzi kwa kuuliza mwizi ni nani. Huuliza kwanza kama ng'ombe ameibwa kweli, au amevunja zizi akaenda zake. Akaongeza kwamba siku ile ya barua alilipa kioo kwa sababu nilihitaji kurudi shuleni, wala si kwa sababu aliamini. Nilikuwa nimengoja neno hilo kwa miaka kumi na mmoja.

Basi wanafunzi, mkiandika taarifa ya kiranja, na walimu wenzangu, tukiandika tangazo ubaoni, na wazazi, mkisikia habari ya mtoto aliyefanya hivi au vile, tujiulize kwanza maswali mawili ya Bwana Russell: je, yuko? Na je, ni mmoja? Tukisha kupata majibu, ndipo tuulize la tatu. Na nyinyi wa Kidato cha Pili, msiisahau "the" katika insha zenu. Wino wangu mwekundu bado upo.